Pampu Iliyoamka Saa Sita Mchana

Goreti wangu,

Habari za sabuni, blanketi na vidonge vya malaria sitaziandika hapa. Hizo umeshaambiwa, na kwa kweli tangu ukiwa na miaka kumi na miwili wewe ndiye uliyekuwa ukinikumbusha mimi. Barua hii naikunja ndani ya gauni lako la bluu, chini kabisa ya sanduku, ili usiikute kabla lori halijavuka mpaka wa Gatumba kuingia Kongo. Ukiisoma ukiwa bado upande huu, utashuka. Nakufahamu.

Ni saa tisa mchana. Wewe na Venansi mmekwenda ofisini Rohero kugongewa muhuri kwenye karatasi yako ya kusafiria, na mimi nimebaki hapa mjini, Bwiza, katika nyumba ya mume wangu. Mume wangu. Nimeandika maneno hayo mawili na ikabidi niweke kalamu chini nicheke peke yangu kama msichana. Miezi mitatu sasa na bado nikiyatamka nageuka kuona kama kuna mtu amesikia.

Jambo ambalo sikukuambia ni hili. Jumanne, ulipokuwa kwenye mazoezi ya kwaya, baba mkubwa wako Gabrieli alikuja shambani. Hakukaa. Alizunguka birika la kumwagilia, akaangalia vile vioo vya kunasa jua vya pampu, akatazama nyanya zetu mstari kwa mstari. Kisha akaniambia kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha: "Shemeji, umepata bwana mwingine, ni vizuri, Mungu awabariki. Lakini ile shamba ni ya damu ya mudogo wangu. Damu yake ni Goreti. Goreti akiwa pale, shamba iko. Akienda, inarudi ku familia."

Nilimjibu kwamba unakwenda Bukavu kusoma, hukuolewa mbali, utarudi. Akasema atangoja kiangazi. Mvua zikiisha na wewe hujaonekana shambani, atakuja na wazee wa ukoo kupima mipaka.

Sasa umejua. Kisima alichochimba baba yako kwa mikono yake, birika letu, miche ya bilinganya uliyoipanda mwezi uliopita, vyote vinaning'inia kwenye miguu yako. Ikikanyaga Bukavu, mimi huenda nikabaki bila shamba. Ungelijua hili Jumanne, kesho usingepanda lori. Ndiyo maana nimenyamaza siku tatu, na nimekuwa nikikupikia vyakula vizuri mno hata ukaniuliza kama kuna mgeni anakuja.

Lakini nataka uende, na nitakueleza kwa nini. Itabidi nirudi nyuma, na huko nyuma sipendezi.

Niruhusu kwanza nianze na furaha, maana siku hizi siwezi kuanza na kitu kingine chochote. Goreti, nimependwa. Sikujua kwamba mtu wa miaka arobaini na moja anaweza kuamshwa hivi. Asubuhi Venansi anapowahi kazini ananiachia chai kwenye chupa, na juu yake karatasi imeandikwa "Kwa bibi yangu", kana kwamba humu ndani kuna bibi mwingine angeweza kuinywa. Karatasi hizo nimezihifadhi zote ndani ya Biblia, na sasa Biblia haifungiki vizuri. Ananuka grisi, nami nimeanza kuipenda grisi. Anaimba sauti ya tatu, na hakuna wimbo anaoufikisha mwisho. Juzi mvua ilitukuta njiani, akavua koti akanifunika mimi, halafu akakumbuka kwamba kwenye mfuko wa koti kulikuwa na karatasi za mradi wake wa pampu. Tukarudi nyumbani tukazianika kwenye kamba pamoja na nguo.

Watu wa bondeni wanasema Mama Goreti aliikubali pampu kwa sababu ya mwanamume. Wewe mwenyewe ulinitania hivyo siku ya harusi, nikacheka na kukupiga kwa kitambaa. Sikukusahihisha. Ningekusahihisha, ningelazimika kukuambia kwa nini niliikataa mwanzoni.

Unaikumbuka habari ya baba yako kama mtoto anavyokumbuka. Mwaka ule ambao hapa hatuutaji, alitoka asubuhi na baiskeli yake kwenda kazini. Jioni mtu alileta baiskeli, akaiegemeza ukutani, akaondoka bila kusalimia. Baba yako hakurudi. Sikuuliza, kwa sababu waliouliza nao hawakurudi. Kuanzia siku hiyo kuna kitu kilijifunga ndani yangu. Ulipokuwa ukienda dukani nilikuwa nahesabu dakika. Ulipokwenda shule kwa masista nilikuwa nalala na viatu vyako vya zamani kando ya kitanda. Hilo hukulijua.

Shamba lilibaki mkononi mwangu kwa sharti moja la Gabrieli: lisikauke. Mimi binti wa Uvira, mgeni kwenye ukoo wao, nililishika kama mtu anavyoshika ukingo wa mtumbwi. Na bonde la Ruzizi unalijua wakati wa kiangazi. Kisima kina maji, lakini maji yako chini, na juu kuna wewe, kamba na ndoo. Alfajiri saa kumi na moja mpaka jua lipande, halafu tena saa kumi jioni mpaka giza. Yule mwanamume aliyekuwa akituvutia maji alipovuka kwenda Kongo, nilikuita kutoka shule. Ulikuwa umemaliza mwaka wa tatu, wa pili katika darasa lenu. Nilikuambia ni mwaka mmoja tu. Uliikunja sare yako ukaiweka juu ya kabati.

Kiangazi hicho hicho ndipo Venansi alipokuja. Wakati huo nilimwona ni mtu mwembamba mwenye kofia mbaya tu. Alituita wanawake wote wenye visima, akasimamisha vioo vyake juu ya vyuma, akateremsha mota kisimani kwa Mama Yudita, jirani yetu. Akasema, "Hii pompi hainywi mazutu. Inakula jua, basi." Sote tulikuwa tumeshaiona ile motopompi ya ushirika iliyosimama nusu ya mwaka ikingoja mazutu, yaani dizeli, mpaka kuku wakatagia ndani yake. Kwa hiyo tulisogea. Maji yakatoka. Mama Yudita akaweka mkono wake kwenye mpira wa maji, akauondoa, akauweka tena.

Mimi niliyesoma, niliyejua kuhesabu saa, nikaona kasoro kabla ya wenzangu. Asubuhi, wakati wa kumwagilia, maji yalikuja kama mkojo wa mtoto. Jioni vilevile. Yalikuja kwa nguvu saa sita, saa ambayo hakuna mtu wa bonde lile anayegusa mboga kwa maji, kwa sababu mengi yanaliwa na jua kabla hayajaifikia mizizi, na tulilelewa tukiambiwa kwamba majani yakilowa saa hiyo yanaungua. Nikasimama mbele ya wote nikasema, "Pompi gani hii? Asubui inalala, mangaribi inalala, saa sita watu wako ku kivuli, ndio inaamuka. Ni kama bwana mulevi."

Walicheka mpaka mmoja akaketi chini. Maneno yangu yalivuka bonde lote kabla ya Jumapili. Na Mama Yudita akayapa nguvu, maskini, bila kutaka. Siku ya tatu alituma mtu amkimbilie Venansi kumwambia kwamba pampu imezimia. Venansi alipofika alikuta vioo vimefunikwa kwa kitenge kizuri cha harusi. "Niliifunika isipate jua," Mama Yudita akamwambia, "we mwenyewe ulisema ni kitu ya bei." Ndivyo tunavyofanya kwa kila kitu cha thamani, tunakiweka kivulini. Hakuna aliyemfafanulia kwamba kula jua maana yake ni kuachwa nje.

Basi wanawake wanne waliokuwa wameandikisha majina yao wakayafuta. Kwa sababu ya mzaha wangu, Goreti. Wanne hao bado wanavuta kamba hadi leo, au binti zao.

Lakini kama ungekuwa upumbavu tu, nisingekuandikia barua. Siku mbili baadaye Venansi alikuja peke yake nyumbani. Alisema anajua kasoro ya saa ipo, anatafuta njia, tuvumiliane. Alisema kwetu kuna kisima kizuri kuliko vyote, angependa pampu ya pili ikae pale. Halafu akakuangalia wewe uliyekuwa unapita na ndoo, akasema kwa moyo safi kabisa, "Na mutoto atarudi ku masomo."

Nikamwambia, "Apana. Hatutaki." Akauliza kwa nini. Nikasema maji ya saa sita yanachoma mboga.

Sikuwa nafikiria mboga. Nilifikiria baiskeli ukutani. Nilijua, kwa uwazi wote ule ambao mtu huupata mara chache, kwamba kilichokuzuia usiondoke ni ile kamba ya kisima, na kwamba mtu huyu mwenye kofia mbaya amekuja kuikata. Maji yakipanda yenyewe, nitakuambia nini ubaki? Nikaichagua kamba. Nilikufunga mwanangu kwenye kisima cha baba yako, nikawaambia watu ni kwa ajili ya nyanya.

Kiangazi cha pili ulikuwa na miaka kumi na saba. Viganja vyako vilikuwa vigumu kuliko vyangu. Ulinijibu kila nilipokuita, ulikula, ulisali, na humo ndani hukuwemo. Sijui kama unakumbuka siku niliyokuta umeandika kwa mkaa kwenye simenti ya ukingo wa kisima. Ulikuwa umekwenda kupumzika. Nikainama nikasoma. Kilikuwa kitenzi cha Kifaransa, kuondoka, umekipanga kwa nafsi zote: je pars, tu pars, il part, nous partons. Nafsi ya tano ulikosea herufi ya mwisho. Na mimi, mama yako, nikaokota mkaa uleule nikaisahihisha. Vous partez, kwa z. Nikapangusa mikono, nikaenda kupika.

Nimelifikiria kosa hilo kuliko mengine yote. Binti yangu alikuwa ameandika kilio juu ya jiwe, nami nikampa alama za tahajia.

Jioni ulirudi kuvuta maji, ukaona mwandiko wangu. Ulikaa ukiutazama, nami nilikuwa nakutazama kupitia dirisha la jiko. Hukukasirika. Ulichukua maji kwenye kiganja ukaosha maandishi yote, taratibu, kama mtu anayemwosha uso mgonjwa. Kesho yake nikavaa kitenge cha kutokea, nikatembea mpaka kituo cha mradi kumtafuta Venansi.

Alikuwa chini ya gari, nikaongea na miguu yake. Nilimwambia nataka pampu. Miguu ikajibu kwamba pampu zimekwenda sehemu nyingine, kwa sababu huku bondeni kuna mama mmoja aliyesema ni kama mume mlevi. Nikasema mama huyo ni mimi. Akajitoa chini ya gari, uso mweusi kwa mafuta, akacheka hadi machozi yakachora mistari mashavuni. Nadhani nilianza kumpenda hapo, ingawa ningeapa mbele ya padri kwamba nilimchukia.

Ile ya Mama Yudita, iliyotolewa kisimani kwake baada ya mzaha ule, ilikuwa bado imelala stoo. Ikaja kwetu. Na saa ikabaki tatizo lilelile. Venansi alichora, akafuta, akasema labda aongeze vioo, labda aombe betri, na betri hakuna. Tulikuwa tumekaa watatu, wewe umekunja miguu, unamenya mihogo. Ukasema bila hata kuinua kichwa: "Mama, kama pompi inaamuka saa sita, iache iamuke. Maji yalale ndani ya birika. Sisi tutayaamusha mangaribi."

Venansi akaweka penseli chini. Mradi mzima, wataalamu waliokuja kwa ndege na vitabu vyao, na hakuna aliyewahi kutuuliza tunamwagilia saa ngapi. Na sisi tunaolaza maji kwenye mtungi kila siku ili yapoe, hatukuwahi kufikiri kwamba shamba nalo linaweza kuwa na mtungi.

Tulichimba birika lile wiki tatu, juu pale ambapo ardhi imeinuka. Gabrieli alipita akauliza kama tunachimba kaburi la ng'ombe. Tukalijenga kwa matofali, ukalipaka simenti kwa mikono yako, na siku ya kwanza ya kulijaza sote tulikaa kivulini, saa sita, tukiwa hatufanyi kitu. Unaikumbuka aibu ile? Tulikaa kama wezi. Mashine inafanya kazi juani na sisi tumekunja mikono. Mama Yudita aliyekuja kuona akatafuta ufagio ili asionekane mvivu. Saa kumi na moja jioni ukafungua robine, maji yakateremka mferejini yenyewe, yakapita kwenye nyanya, yakaingia kwenye bilinganya. Hayakuhitaji mtu. Ulifuata maji hayo kwa miguu mitupu mpaka mwisho wa shamba, na ulipogeuka nilikuona unacheka kwa mara ya kwanza tangu uikunje sare.

Venansi naye alikuwa amesimama kando ya robine. Baada ya wiki mbili, mahali hapohapo, aliniambia: "Mi sina maneno ya redioni, Mama Goreti. Lakini nataka kuwa nafungua hii robine pamoja na we kila mangaribi mpaka nizeeke." Nilikwenda kung'oa magugu mahali ambapo hapakuwa na magugu. Alingoja mwaka mmoja na nusu.

Ungefikiri hadithi inaishia kwenye harusi, nami ningependa iishie hapo. Lakini hesabu miezi, Goreti. Pampu ilianza kazi ukiwa hujafikisha miaka kumi na minane. Sasa unakaribia ishirini. Kamba ilikuwa imetundikwa ukutani, maji yalikuwa yakija yenyewe, kwa nini hukurudi masomoni? Kwa sababu niligundua kwamba vioo vinashika vumbi, lazima mtu avipanguse kila asubuhi. Kwamba mbuzi wanaweza kuvipanda. Kwamba kuna wezi. Nilikuwekea kiti chini ya kile kibanda cha majani, ukalinda vioo msimu mzima na zaidi. Kuvipangusa ni kazi ya muda wa kunywa chai. Mbuzi tuliwazuia kwa miiba siku moja. Jua lilikuwa limekuachilia, mimi bado.

Venansi aliliona hilo. Hakunigombeza. Aliandika barua kwa rafiki yake Bukavu, kwenye ile shule ya ufundi wa maji, na jibu lilipokuja akaliweka mezani pamoja na karatasi ya ruhusa ya mzazi na kalamu. Wiki tatu karatasi ile ilikaa pale. Nilikuwa naipangusia vumbi. Niliweka sufuria juu yake. Usiku nilikuwa nimelala kwenye mkono wa mwanamume ninayempenda, mwenye furaha ambayo sikuiomba, na bado nilikuwa natafuta kisingizio kipya cha kukuzuia. Furaha haikunifungua. Nilidhani mtu akipendwa anakuwa mwema. Kumbe nilitaka tu vyote viwili, yeye upande huu na wewe upande ule, na mlango umefungwa.

Jumapili iliyopita nilitia sahihi. Jumanne Gabrieli akaja, kana kwamba amesikia wino ukikauka. Na nitakuambia ukweli ambao unaniumiza kuuandika: aliposema maneno yale, sehemu moja ya moyo wangu ilifurahi. Nilipata kisingizio kikubwa kuliko vyote, na safari hii si changu. Ningeweza kukuita jioni ile nikulilie, na ungebaki, na ungenihurumia. Ningekuwa mama mwema machoni pako mpaka nife. Nilikaa nacho mdomoni siku tatu kama pipi.

Ndiyo maana nataka uende. Mara ya kwanza nilikufunga kwa kamba, mara ya pili kwa vioo. Sitakufunga mara ya tatu kwa mipaka ya Gabrieli.

Utakapokuwa fundi, watakutuma mabondeni kwenda kuwashawishi watu kama mimi. Ninalo neno moja kuhusu hilo, kwa kuwa nimekaa upande wa pili wa meza. Usianze na vioo. Vioo vinashangaza, na mtu aliyeshangaa hasemi kinachomsumbua. Kaa nao kwanza, uulize wanamwagilia saa ngapi, na nani anavuta. Chimba birika kabla ya kuinua vyuma. Na mwanamke akisimama akasema pampu haifai, na wote wakacheka, usimcheke wala usibishane naye. Mtafute baadaye nyumbani kwake, uangalie ni nani anapita nyuma yake na ndoo. Pengine anaogopa kwamba maji yakija, mtu ataondoka. Hutaweza kumwondolea hofu hiyo kwa hesabu ya lita. Mwambie tu kwamba unamfahamu mama mmoja aliyekataa, na kwamba alijuta. Mpe jina langu ukitaka. Wale wanne walioyafuta majina yao nimeshaanza kuwatembelea mimi mwenyewe; wawili wamekubali kuja kuangalia birika, mmoja amenifungia mlango, nami nimeona anayo haki.

Sasa sikiliza, maana mtarudi wakati wowote na sitapata tena nafasi.

Gabrieli atakuja kiangazi. Venansi anasema atazungumza naye, na huenda wakaelewana, maana Gabrieli naye amekuwa akiyatazama maji yale kwa macho fulani. Huenda wasielewane. Asubuhi hii nilimwuliza Venansi inachukua muda gani kuifungua pampu yote, vyuma, vioo na mota, na kuipakia kwenye gari. Amesema nusu siku. Kisima hakibebeki, birika halibebeki, na nitavililia, hasa kisima. Lakini maji yapo chini ya bonde zima, na sisi wawili tuna mikono. Venansi alisema hivyo akiwa ananishika hii ya kwangu, na nilimwamini kabisa kwa muda wa kama saa moja.

Ninajijua lakini. Mwezi wa saba, wazee wakishapiga hatua zao shambani, nitaogopa. Nitakaa chini nikuandikie. Nitaandika kwamba pampu imekufa. Usiporudi, nitaandika kwamba naumwa mgongo, na ni kweli huwa unaniuma. Nitaandika kwamba Venansi amebadilika, Mungu anisamehe, hata hilo naweza kuliandika. Barua zitakuwa nzuri, nilisomeshwa na masista, najua kupanga maneno. Utazisoma huko bwenini na utaanza kukunja nguo zako.

Usizikunje. Nijibu kwa upendo, niambie habari za masomo, na usirudi. Nitalia, nitawaambia majirani kwamba nina mtoto mwenye moyo mgumu, na nitaomba kila siku moyo huo usilainike.

Nasikia Venansi anaimba barabarani, kwa hiyo mmefika. Umecheka. Karatasi imegongwa muhuri.

Mama yako